Ngiri Si Pumbaa

Zipo kazi za sanaa ambazo hazikuandikwa kwa Kiswahili lakini zimekigusa Kiswahili kuliko vitabu vingi tulivyovifundisha darasani. Mojawapo ni filamu ya vibonzo ya The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 1994. Kizazi chote cha watoto kimekua nayo, na wengi wao sasa ni wazazi. Ilipotimiza miaka 25, yaani mwaka 2019, kampuni hiyohiyo iliitengeneza upya kwa kompyuta, ikapata mapato yanayozidi dola bilioni 1.6. Hoja yangu ni kwamba filamu ya kwanza, pamoja na kasoro zake, iliyachezea maneno yetu kwa namna iliyoyapa uhai. Ya pili iliuhesabu kila unywele wa simba, ila maneno haikuyajali. Hasara hiyo imetuangukia sisi wenye lugha.

Kwanza tukumbuke ilivyotufikia. Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vya televisheni mwaka huohuo wa 1994, na huku kwetu Katoro, katika ukanda huu wa dhahabu, kuwa na televisheni nyumbani kulikuwa jambo la wachache kwa miaka mingi baadaye. Watoto waliiona hadithi hii katika mabanda ya video, penye benchi za mbao na jenereta inayonguruma nje. Kiingereza hawakukijua. Walichoshika ni sura, vicheko, na maneno machache waliyoyatambua kuwa ni yao. Mtoto anayeamkia kwa Kisukuma nyumbani, akasoma kwa Kiswahili shuleni, alisikia mnyama wa Marekani akiitwa Simba, akageuka kumtazama mwenzake. Nafasi ya lugha katika kumbukumbu ya mtoto huanzia hapo.

Tuyatazame majina yenyewe kwa jicho la mshairi. Simba ni jina lililokuwa na mizigo yake kabla ya Disney. Waasi wa Kongo walilitumia mwaka 1964, klabu ya Sunderland ya Dar es Salaam ikalichukua mwaka 1971, na Wasukuma wana watu wengi waitwao Shimba. Sarabi, mama yake Simba, ana jina lenye maana ya mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana mbali wakati wa jua kali. Katika hadithi ambayo nchi inakauka chini ya mtawala dhalimu, jina hilo lina uzito. Rafiki, yule mzee nyani mwenye fimbo, hajiiti mganga wala mwalimu. Amepewa jina la daraja moja na anayemfundisha.

Jina linalonipendeza zaidi ni Pumbaa. Kupumbaa ni kuduwaa, ni kupotewa na akili kwa muda. Ngiri huyo amepewa kitenzi kuwa jina, naye kwa kweli huonekana mzubaifu. Lakini usiku ule wanapolala chali kutazama nyota, ni yeye anayesema kwamba anadhani ni matufe ya gesi yanayowaka mbali sana, huku mwenzake mjanja akisisitiza kuwa ni vimulimuli walionasa angani. Aliyeitwa mpumbavu ndiye aliyepatia. Mshairi yeyote wa Kiswahili angejivunia kejeli hiyo.

Kisha kuna usemi uliozunguka dunia nzima, hakuna matata. Haukuzaliwa Hollywood. Kundi la Them Mushrooms la Kenya liliuimba katika Jambo Bwana mwaka 1982, na Boney M wakaurudia mwaka 1983. Bara huku sisi husema zaidi hakuna shida, au hakuna neno. Hata hivyo neno lenyewe ni letu na lina ukoo mzuri. Tata ni fundo, ni mzongo wa uzi. Humo mna utata, tatanisha na tatizo. Ukilifungua fundo hilo, unatatua. Nilipokuwa nikifundisha mofolojia sikuwa na mfano mwepesi zaidi ya huo, kwa sababu wanafunzi walikwisha kulijua neno kwa furaha kabla sijaliandika ubaoni. Na filamu ilikuwa na busara ya kutoliacha neno hilo liwe jibu la mwisho. Simba anaishi kwa falsafa hiyo, ananenepa, kisha anagundua kwamba kukimbia fundo si kulitatua.

Sisemi kwamba kazi ya kwanza ilikuwa safi. Fisi mmoja aliitwa Shenzi, na sote tunajua historia ya neno hilo. Lilitumiwa pwani kuwadharau watu wa bara, kisha wakoloni wakalitumia kumdharau kila Mwafrika. Kuliweka midomoni mwa watoto wa dunia kama kichekesho si jambo dogo. Mwenzake akaitwa Banzai, neno la Kijapani. Nyimbo za mwanzo zikaimbwa kwa Kizulu, mandhari yakachorwa baada ya baadhi ya waandaaji kutembelea Kenya, wakaitazama hifadhi ya Hell's Gate. Ilikuwa Afrika ya kuungaunga. Aidha, kampuni iliomba kuusajili usemi wa hakuna matata kama alama yake ya biashara nchini Marekani, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 mwanaharakati wa Zimbabwe, Shelton Mpala, alianzisha ombi la kuupinga, na maelfu kwa maelfu ya watu wakaliunga mkono. Malalamiko hayo yalifika masikioni mwa wakubwa wa kampuni kabla toleo jipya halijaonyeshwa. Hivyo 2019 ilikuwa fursa ya kurekebisha.

Walirekebisha nini? Walirekebisha manyoya. Mwongozaji Jon Favreau mwenyewe alieleza kwamba katika picha karibu 1,500 za filamu hiyo, ni moja tu, ile ya mapambazuko ya mwanzo, iliyopigwa kwa kamera hapa Afrika. Zilizobaki zote zilitengenezwa kwa kompyuta ili zifanane na picha halisi. Ufundi huo ni mkubwa na sitaubeza. Lakini sisi tuliofundisha fasihi tunajua tashihisi ni nini. Mnyama akipewa sifa za binadamu, hupewa pia uso wa binadamu, ama kwa kalamu ama kwa maneno. Mchoraji wa 1994 aliweza kumpa Scar nyusi za dharau na kumpa mtoto Simba macho ya yatima. Simba wa 2019 ana uso wa simba wa Serengeti, na simba wa Serengeti hakunji nyusi. Anapousukuma mwili wa baba yake, sauti inalia na uso umetulia. Watazamaji wengi waliona pengo hilo. Ni kama mtu aliyeondoa sitiari zote katika shairi kwa kuwa sitiari si kweli, kisha akashangaa kwa nini halisomeki.

Upande wa lugha, pengo ni kubwa zaidi. Shenzi alibaki na jina lake. Fisi wenzake wawili waliondolewa, na nafasi zao zikachukuliwa na Azizi na Kamari. Azizi ni mpendwa, kitu cha thamani. Lakini kamari? Njoo Katoro umwambie mtu yeyote kwamba fisi anaitwa Kamari, atacheka, kisha atakuonyesha mashine ya bonanza inayomeza sarafu za wachimbaji wadogo. Jina hilo lingeweza kuwa kejeli nzuri kuliko zote, fisi anayeishi kwa kubahatisha mabaki ya wengine, kama hadithi ingelitumia. Haikulitumia. Limekaa kama kibandiko juu ya katoni.

Wimbo wa Beyoncé uliotungwa kwa ajili ya filamu hiyo, Spirit, unaanza kwa maneno ya Kiswahili. Nilifurahi kusikia hivyo, mpaka nilipoyasikiliza. Ni salamu ya Waingereza kwa mfalme wao, iliyofasiriwa neno kwa neno. Sarufi haina kosa kubwa, ila hakuna mfalme wa Waswahili aliyewahi kuombewa dua kwa mpangilio ule. Albamu yake iliyoambatana na filamu, The Gift, iliwaalika wasanii wa Nigeria, Ghana, Afrika Kusini na Kamerun. Wa Afrika Mashariki, wenye lugha iliyotoa majina ya wahusika, hawakuwamo, na manung'uniko yakasikika huku kwetu. Filamu ya Mufasa ya mwaka 2024 imeendeleza mtindo uleule. Mtoto wa mfalme anaitwa Taka, na nchi ya ahadi inaitwa Milele, kielezi kilichopachikwa kuwa jina la mahali.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba hii ni biashara ya Wamarekani, haina deni kwa sarufi ya Waswahili, na kwamba kila kazi inayorudiwa huwa duni kuliko ya awali. La deni nitaliacha kwa wanasheria. Hilo la pili si kweli, na ushahidi tunao nyumbani. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, ikachapishwa kwa jina la Julius Caezar. Miaka sita baadaye aliirudia kazi hiyo, akaisahihisha, nayo ikatoka upya mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari. Litazame jina tu. Toleo la kwanza linakaribia kubaki Ulaya. La pili limeingia katika mdomo wa Mswahili, lina irabu zake na mwendo wake. Mtu huyo alikuwa akiongoza nchi, lakini alipoirudia kazi yake aliuliza kama lugha imetendewa haki. Kazi ikirudiwa kwa swali hilo, hukua. Ikirudiwa kwa swali la mapato, hurembeka tu.

Kwa nini jambo hili linikere mimi niliyekwisha kustaafu? Kwa sababu ya ngiri. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliwahi kuniandikia katika insha kwamba babu yake alikuwa akiwinda "pumba". Nilidhani amekusudia pumba za mahindi. Alikuwa amemkusudia ngiri, na jina ngiri hakulijua kabisa. Baadaye nimewasikia hata waongoza watalii wakimwonyesha mgeni mnyama huyo kwa jina la filamu, na mgeni akishangilia. Neno letu lilikwenda ng'ambo likiwa kitenzi chenye maana, likarudi likiwa jina lisilo na maana, na liliporudi likamfukuza mwenyeji wake mlangoni. Filamu ya 1994 ililiazima neno hilo ikalipa kazi ya kufanya. Ya 2019 ililiazima tena bila kuuliza lilikuwa likifanya kazi gani, na mtoto wa leo hawezi kuuliza asichofundishwa.

Dawa yake haitatoka Marekani. Wale wasimuliaji wa filamu, akina Derek Mukandala aliyejulikana kama Lufufu, walizichukua picha za watu wengine wakazipa Kiswahili cha mtaani chenye chumvi na methali, na hadhira ikawafuata bila wao kuwa na kompyuta za mamilioni. Ubongo Kids, iliyoanza Tanzania mwaka 2014, imeonyesha kwamba vibonzo vinavyowazungumza watoto kwa Kiswahili vinaweza kutengenezwa hapahapa. Vinachohitaji ni watunzi. Vinahitaji wewe mshairi unayejua tofauti ya kupumbaa na kupumbazwa, umwandikie mtoto wimbo wa ngiri, wa sungura, wa fisi wetu wa Usukumani mwenye visa vingi kuliko vyote vilivyowahi kuchorwa. Nami naweka jiwe langu dogo la msingi, wengine mjenge juu yake:

Mwitu kwetu kuna ngiri, si pumbaa asilani,
Jina lake ni fahari, toka enzi za zamani,
Ajaye akighairi, sisi tutanyamazani?
Tuandike mashairi, yasomwe ulimwenguni.