Kadi za Vitambaa na Hesabu ya Saa

Msimu wa harusi ukaribiapo, wapo maharusi jijini Nairobi wasiotosheka na kadi za mashine. Hutaka kadi iliyopambwa kwa kitenge au kanga, iliyotengenezwa kwa mkono. Mahali pa kuipata si mbali. Katika Kianda, kijiji cha magharibi mwa Kibera, cherehani hulia mchana kutwa, na chini ya kila cherehani mna mabaki ya vitambaa ambayo fundi angeyatupa.

Mabaki hayo ndiyo chanzo cha dhuluma ndogo isiyosemwa. Mnunuzi huyatazama akasema, "Hivi ni vitambaa vya bure tu," kisha akataja bei kana kwamba mikono nayo iliokotwa sakafuni.

Na tuitazame kazi yenyewe. Kitambaa hufuliwa kwanza, kwa maana pamba hurudi. Hutiwa wanga mwepesi wa muhogo, kikapigwa pasi kingali na unyevu ili kikae wima. Hukatwa kwa kufuata uzi. Kikikatwa mshazari kitavutika na kadi ipinde. Kingo hushonwa zisifumuke. Gundi nayo ina adabu yake: ikizidi hupenya na kuacha doa juu ya ua. Anayedhani ni mchezo na akate vipande 100 vinavyolingana.

Tuchukue mfano wa darasani. Kadi moja huchukua dakika 20, na zimeagizwa 100 kwa shilingi 30 kila moja. Malipo ni shilingi 3,000. Tukiondoa shilingi 1,800 za karatasi, bahasha, uzi, gundi na makaa, husalia 1,200 kwa kazi ya zaidi ya saa 33, yaani shilingi 36 kwa saa. Fundi atasema amepata faida, kwa kuwa hakuihesabu saa hata moja.

Ajabu ni kwamba siku hizi mwaliko hufika kwa simu pasipo gharama ya kutajika. Anayeagiza kadi ya kitambaa hanunui habari ya siku na mahali. Ananunua kazi ya mkono, nayo ndiyo asiyotaka kuilipia.

Hapa walimu wanahusika. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulitahini ufundi na sayansi kimu katika shule za msingi. Mapema miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa katika mtihani, na kisichotahiniwa, kama tujuavyo sote, hakikukaa sana darasani. Mtaala wa umilisi umeurudisha ufundi, na masomo ya sekondari msingi yalipopunguzwa mwaka 2024, biashara iliingizwa ndani ya somo la ufundi wa awali. Wazazi wamelalamikia gharama za vifaa, nao wana haki. Lakini mabaki ya Kianda yaweza kuombwa kwa fundi jirani.

Twahofia, hata hivyo, kwamba mwanafunzi atasifiwa kwa kadi nzuri, apewe alama, na mambo yaishe hapo. Mwalimu na aweke saa ya ukutani mbele ya darasa siku ya kukata vitambaa, na kila mwanafunzi aandike nyuma ya kadi yake dakika alizotumia, kabla ya kuandika bei.