TUOMBE NJIA KABLA YA KUFUNGUA



Siku hizi habari za kazi hazibandikwi ubaoni tu. Zamu, mshahara na hata barua za kuitwa mbele ya wakubwa huja kwa barua pepe, na ndani yake mna kiambatisho. Wezi nao wamelijua jambo hili. Huandika "Malimbikizo ya mshahara wako", nasi kwa hamu ya pesa zetu twafungua upesi.

Mwezi wa Mei 2000 barua moja iliyoanzia Ufilipino ilienea dunia nzima kwa siku chache. Kichwa chake kilisema kwa Kiingereza "Nakupenda". Kiambatisho kilionekana kuwa maandishi matupu, maana kompyuta nyingi zilificha herufi za mwisho wa jina lake. Kumbe ilikuwa programu. Iliharibu mafaili ya aliyeifungua, kisha ikajituma kwa watu wote waliokuwa katika orodha yake ya anwani. Hivyo wengi waliipata kwa jina la rafiki.

Wala si mambo ya ng'ambo tu. Mei 2023 shirika la habari la Reuters liliandika kwamba wadukuzi wa Kichina waliingia katika ofisi za Serikali yetu, na mlango wao ulikuwa mtumishi mmoja aliyepakua hati yenye virusi. Yasemekana walitafuta habari za deni la Kenya kwa China, ambalo sehemu yake kubwa ni la reli mpya iliyofika upande wa Naivasha mwaka 2019. China ilikana.

Sisi watu wa reli tusihitaji kuambiwa mara mbili. Katika reli ya njia moja, dereva hakuondoka kwa kusikia tu kwamba njia ni wazi. Stesheni mbili zilipatana kwanza, ndipo akapewa tokeni mkononi. Basi kiambatisho nacho kiombewe njia. Mpigie simu aliyekituma, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyomo katika barua hiyo. Hati ikitaka uruhusu makro ndipo isomeke, iache. Jina likiishia kwa exe, js au vbs, usiliguse.

Lakini wakubwa nao wana lao. Mtu hakufundishwa hata siku moja, akikosea aandikiwa barua ya onyo. Kwa hiyo aliyefungua kwa bahati mbaya hunyamaza, akaenda kunywa chai, na virusi vikazidi kutembea. Saa ile ya kwanza ndiyo ya kuokoa: chomoa waya wa mtandao, mwite fundi. Nani atamwita akijua atafukuzwa? Tena waache kututumia mafaili yasiyo na maelezo usiku wa manane, maana wao wenyewe ndio wanaotuzoesha kufungua bila kuuliza.

Twataka wajumbe wetu walitie neno hili katika mkataba: mafunzo ndani ya saa za kazi, na asiadhibiwe mtu aliyetoa taarifa mara moja.