KAZI ZA VIJANA: Mlinzi wa Umeme



Mama mmoja wa Birere, mjini Goma, atuuliza: “Mwanangu asoma ufundi wa umeme. Majirani humlipa awaungie nyaya, naye sasa ataka kuacha shule, maana fedha aziona mkononi. Nimwambieje?”

Mama mpendwa, fedha hizo twazijua, na hatari yake pia. Katika Birere nyumba za mbao zimebanana. Waya mmoja ulioungwa vibaya waweza kuteketeza safu nzima kabla jirani hajachota ndoo ya maji. Tena huenda kijana hajaambiwa kuwa iko kazi nyingine, ya mwongozaji wa mtandao wa umeme. Fundi juu ya nguzo aona waya mmoja. Mwongozaji, katika chumba chake chenye mishale na taa ndogo, aziangalia laini zote pamoja.

Kwanza alinda usawa. Umeme haulundikwi ghalani kama mahindi: utumikao sasa hauna budi kuzalishwa sasa. Kwetu mkondo hutetema mara 50 kwa sekunde. Jioni, kila nyumba iwashapo taa na jiko, mitambo hulemewa na kupunguza mbio, mshale ukashuka chini ya 50. Mwongozaji huagiza mitambo iongezewe maji. Yasipotosha, hukata mtaa mmoja ili mji mzima usizimike.

Pili alinda maisha ya watu. Fundi asiguse laini kabla mwongozaji hajaitenga: swichi kuu kwanza, kisha vitenganishi, maana kitenganishi kikifunguliwa laini ikiwa na mzigo hulipuka miali ya moto. Ndipo laini hupimwa, huunganishwa na ardhi, na swichi hutiwa kufuli. Agizo likitolewa kwa simu, apokeaye hulirudia neno kwa neno. Tarehe 22 Mei 2021 lava ya Nyiragongo iliharibu nyaya, na sehemu kubwa ya Goma ikabaki gizani. Baada ya msiba wa namna hiyo umeme hurudishwa kipande kwa kipande, na hakuna kipande kiwashwacho kabla fundi wa mwisho hajashuka.

Basi kijana amalize shule, apate diploma ya Serikali, na ikiwezekana aendelee na chuo cha juu. Hesabu azipende. Kifaransa chake kisiwe cha kubahatisha, maana maagizo na madaftari ya kazi huandikwa kwa lugha hiyo. Hata hivyo hatakabidhiwa swichi siku ya kwanza. Atakaa miezi mingi kando ya mzee wa kazi, mchana na usiku, akitazama tu. (Vijana wengi hushindwa hapo, si kwenye hesabu.) Mitambo haiko mbali: Matebe, kwenye mto Rutshuru, tangu 2015, na Ruzizi, mto utokao ziwa Kivu, ambako kituo cha pili chahudumia Kongo, Rwanda na Burundi tangu 1989.

Jambo moja halimo katika mitihani. Siku moja zamu ya kukatwa itaangukia mtaa wenu wenyewe. Simu italia, shemeji atasema harusi imeanza, wageni wamekwisha kuketi, tafadhali akate kwingine. Mwanao atamjibu kwa heshima, atakata, ataandika saa na dakika katika daftari, kisha atarudi kuutazama mshale.