MWENYE KUSHITAKI AONYESHE USO WAKE



Leo tunasema juu ya ugonjwa uliotupata wakati wa kura ya tarehe 20 Desemba 2023, na ambao haujatutoka. Siku ile, pamoja na Rais na wabunge, raia wa miji mikuu ya mikoa walichagua pia washauri wa komini, jambo ambalo vijana wetu hawakupata kuliona tangu kuzaliwa. Watu walifurahi. Mshauri wa komini si bwana wa Kinshasa unayemwona kwa picha tu. Ni jirani. Unajua nyumba yake, unajua mke wake anauza nini sokoni. Na kwa sababu hiyo ugonjwa huu uliuma zaidi.

Ni namna hii: usiku sauti inaingia katika simu. Haina jina. Imepita mikono mingi hata hakuna anayejua ilitoka wapi. Inasema: fulani alikula feza ya watu, fulani ni mchawi, fulani si mwana-inchi, baba yake alitoka mbali. Asubuhi, kabla watu wa zamu ya kwanza hawajashuka mgodini, maneno yamefika kila kampo. Zamani tulikuwa na radio trottoir, na uongo haukukosa. Lakini ile ilitembea kwa miguu, na aliyeleta maneno ulimwona kwa macho. Uliweza kumwuliza: wewe, nani amekuambia?

Katika komini yetu mzee mmoja, fundi wa umeme mwenye pansioni, aliomba kura. Siku tano mbele ya uchaguzi, sauti ilitangaza kwamba amekula feza ya pompi ya maji ya mtaa. Mzee huyu alikuwa na daftari, kila franka imeandikwa, na karatasi za duka zimebandikwa ndani. Alizunguka nyumba kwa nyumba, daftari chini ya kwapa. Lakini nyumba ni nyingi, na simu haichoki miguu. Alianguka. Na sasa anasema hatajaribu tena, wala watoto wake hatawaruhusu.

Wengine wanasema: aende tribinali. Ndiyo, sheria iko. Kifungu cha 74 cha sheria ya makosa kinatoa kifungo cha siku 8 mpaka mwaka 1 kwa mtu anayemsingizia mwenzake kwa ubaya mbele ya watu. Sheria mpya ya mambo ya intaneti, ya tarehe 13 Machi 2023, imeongeza azabu zake. Lakini mzee wetu atamshitaki nani? Na kampeni ya washauri ilikuwa siku 15 tu; kesi gani inakwisha kwa siku 15?

Tena tusiitegemee sana fimbo ya sheria, maana hatujui itampiga nani. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa mwezi wa Septemba 2023 juu ya habari iliyotoka bila jina la mwandishi, na yeye alikana kwamba aliiandika. Alikaa gerezani zaidi ya miezi 6. Mwenye jina linalojulikana alilala ndani, na wenye kutupa mawe gizani walilala kwao.

Juu ya neno lile la kusema «si mwana-inchi», sisi wa Katanga hatuwezi kucheka. Katika uchaguzi wa komini za Elisabethville, Desemba 1957, watu waliotoka Kasai walishinda sana, na ugomvi wa wenyeji na wageni ukapata nguvu; mwaka uliofuata Conakat ikazaliwa. Mwaka wa 1992 na 1993 Wakasai waliitwa «bilulu», yaani vidudu, na familia za Likasi na Kolwezi, wengi wao watu wa Gécamines, zililala kwenye gare zikingoja treni. Wazee waliokuwako wangali wanaishi kati yetu. Mtu anayepeleka sauti ya namna hiyo kwa mchezo, aende kwanza akawaulize.

Tunajua mtatujibu nini. Mfanyakazi akitaja jina lake, kesho hana kazi. Ni kweli, na hatumwambii mtu huyo ajitoe kama kuku wa sikukuu. Lakini sendika iko. Aende kwa mjumbe anayemwamini, aonyeshe ushahidi, na mjumbe aweke sahihi yake mwenyewe. Anayemwogopa patroni si sawa na anayeogopa kuulizwa.

Hatusemi pia kwamba wagombea wote ni watakatifu. Tarehe 5 Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 juu ya wizi wa kura na makosa mengine. Watu wanabishana hata leo kama orodha ile ilikuwa ya haki. Lakini ilikuwa na majina, na ilitoka katika ofisi yenye mlango. Waliotajwa walijua wapi pa kupeleka neno lao.

Na sisi wenyewe? Tuseme kweli, hata kama inatuchoma. Sauti ile juu ya mzee wa pompi, watu wa chama chetu waliipeleka mbele, wengine wakicheka, kwa sababu mzee alikuwa wa orodha nyingine. Mwandishi wa mistari hii aliipokea, akaisikiliza mara mbili, akanyamaza. Kura nyingine inangojewa mwaka wa 2028. Tunaomba komiti ya kila mtaa ikubaliane tangu sasa: shitaka lisilo na mtu wa kulijibia halisomwi katika mkutano wetu, halipelekwi kwa simu zetu, hata likimpiga mpinzani wetu mkubwa.

Daftari la mzee lingali nyumbani kwake, juu ya kabati. Mpaka leo hakuna aliyekuja kuomba kulisoma.