Bolti Ikizunguka, Usikubali Kuchomelewa

Fundi anapobadilisha shokamzoba za mbele za gari lako, simama karibu naye. Katika magari mengi, kama vile Toyota Corolla, ukifungua boneti utaona nati tatu kila upande. Zimeshika bolti fupi zilizogongomewa katika maunti, kile kikalio cha chuma na mpira kilicho juu ya shokamzoba. Kutu ikiingia, bolti yaweza kulegea ikazunguka pamoja na nati. Haifunguki wala haikazi.

Fundi atie mafuta ya kulegeza kutu, angoje, kisha aibane bolti kwa plaizi huku akifungua nati taratibu. Ikishindikana, nati ikatwe. Akitaka kuichomelea bolti, kataa, kwani moto huunguza mpira. Akisema mbili zatosha, kataa pia. Nunua maunti mpya.

Tahadhari: nati kubwa ya katikati isifunguliwe kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake. Ikifyatuka, yaweza kuua.

Bei isikushtue. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gari hilo ndilo linalowapeleka watoto wako shuleni.