Bima Haifungui Mlango

Tukiambiwa shule ina bima, tunashusha pumzi. Mimi kama mhandisi, hapana. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67 waliungua bwenini: mlango mmoja umepigwa kufuli, madirisha yana vyuma. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2008 ukaagiza milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma. Hata hivyo, Septemba 2024, moto wa bweni Hillside Endarasha, Nyeri, ukaua 21. Kampuni ya bima isiikatie shule bima mpaka mtu wake ajaribu milango usiku, watoto wakiwa wamelala. (Mchana kila mlango uko wazi!) Nawe, kabla hujatuma karo ya mdogo wako, uliza ufunguo wa bweni analala nao nani.