Mtindo Hautafutwi, Bwana Mwalimu!

Siku hizi kila mtu anahubiri mtindo. Fungua kijitabu chochote cha kuwafunda waandishi chipukizi: tafuta mtindo wako. Ingia kwenye semina: vijana, kila mmoja atoke hapa na sauti yake! Na sasa hata walimu wa Reiki, wale wanaofundisha watu kuponya kwa kuwekelea mikono, nao wanaimbiwa wimbo huo huo. Ukishapata cheti cha ualimu, eti kazi yako ya kwanza ni kukaa chini na kutafuta dira yako na mtindo wako, usije ukafanana na mwenzako.

Mimi napinga. Nitaanzia huko huko kwenye Reiki, maana ugonjwa ukiwa kwa jirani ni rahisi kuutambua kuliko ukiwa mwilini mwako. Kisha tutarudi nyumbani, kwetu sisi wa kalamu, na hapo sijui nani atabaki amekaa.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Neno lenyewe ni la Kijapani: rei ni roho, ki ni nguvu ya uhai. Mponyaji huweka viganja juu ya mgonjwa, au karibu naye, akiamini nguvu hiyo inapita. Mwanzilishi ni Mikao Usui, aliyezaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Taniai, mkoa wa Gifu. Mwaka 1922, akiwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alipanda Mlima Kurama karibu na Kyoto, akafunga siku 21, akashuka na hicho alichokipata. Mwaka huo huo akafungua mahali pa kufundishia huko Harajuku, Tokyo.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko likaangusha mji, moto ukamalizia. Watu zaidi ya 100,000 walikufa. Usui akaingia katikati ya majeruhi na mikono yake. Mwaka 1926 naye akafariki. Hesabu, ndugu yangu: tangu ashuke mlimani mpaka kaburini ni miaka minne tu! Mwaka 1927 wanafunzi wake walimsimamishia jiwe la kumbukumbu katika hekalu la Saihoji, Tokyo, na jiwe hilo linasema aliwafundisha watu zaidi ya 2,000.

Sasa niambie, mtu huyo alipata wapi nafasi ya kutafuta mtindo? Wagonjwa wako mlangoni, mji umeungua, wanafunzi wamejaa. Na mtindo alikuwa nao, tena mkubwa. Aliwafunza wanafunzi kanuni tano za kuishi siku moja kwa wakati: wasikasirike, wasihangaike, washukuru, wafanye kazi kwa bidii, wawatendee watu wema. Aliwasomesha mashairi ya Mfalme Meiji. Naam, mashairi! Darasa la uponyaji linafunguliwa kwa beti za mfalme. Hakuna semina iliyompa wazo hilo. Lilitoka katika maisha yake, kwa mtu wa zama zile aliyekuwa amesoma na kutembea.

Akafuata Chujiro Hayashi, afisa mstaafu wa jeshi la majini. Huyu alikuwa mtu wa utaratibu. Alifungua kliniki mjini Tokyo, akawalaza wagonjwa kitandani, akapanga mikono iwekwe wapi kwa ugonjwa gani, akaandika mwongozo. Ukilinganisha na Usui utaona wazi kwamba ni mtu mwingine kabisa. Lakini je, alikaa akajiuliza, ‘Mimi nitajitofautishaje na marehemu mwalimu?’ Thubutu! Alikuwa mwanajeshi mwenye foleni ya wagonjwa, na mwanajeshi mwenye foleni hupanga foleni. Huo ndio mtindo wake, basi.

Sasa tuje kwa mama mwenyewe, maana hapa ndipo mambo yanapokolea. Hawayo Takata alizaliwa mwaka 1900 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtoto wa wahamiaji wa Kijapani waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Alifiwa na mume mwaka 1930, akabaki na watoto na maradhi. Mwaka 1935 alikwenda Japani, akatibiwa katika kliniki ya Hayashi, na kwa maneno yake mwenyewe akapona. Akang'ang'ania kufundishwa. Mwaka 1938 Hayashi akampa ualimu, kule kule Hawaii. Karibu kila mtu anayefanya Reiki leo nje ya Japani, ukifuata mnyororo wa waliomfundisha, utamkuta mama huyu.

Na mama huyu alibadilisha mambo, tena mengi. Mashairi ya Mfalme aliyaacha. Mafunzo aliyagawa katika ngazi zenye ada, na katika miaka ya 1970 aliyetaka kuwa mwalimu alitakiwa kulipa dola 10,000. Alikataza wanafunzi kuandika; kila kitu kichwani. Alifundisha kwa hadithi, kama bibi anavyosimulia usiku.

Mimi sina ugomvi na hayo, hata bei. Alikuwa mjane, na alisema wazi kwamba Wamarekani hawathamini kitu cha bure. Mashairi ya Kijapani ungemsomea nani pale Hawaii baada ya Desemba 1941? Ndege za Japani zilikuwa zimeshaipiga Pearl Harbor, visiwa vimewekwa chini ya sheria za kijeshi, na huko bara watu wa asili ya Kijapani wapatao 120,000 wakafungiwa makambini. Mama anafanya kazi ya mikono ya Kijapani, yenye jina la Kijapani, katika nchi inayopigana na Japani! Aliyapunguza yale ambayo yangemfungia mlango. Mwalimu yeyote mwenye akili angefanya hivyo.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye hadithi. Takata aliwaambia wanafunzi wake kwamba Usui alikuwa Mkristo, mkuu wa chuo cha Doshisha kule Kyoto, na kwamba alisoma Chuo Kikuu cha Chicago. Watu wakaja kuuliza baadaye. Doshisha hawana jina lake. Chicago hawana jina lake. Kaburi lake limo katika uwanja wa hekalu la Wabudha, na lile jiwe la 1927 halisemi lolote kuhusu Ukristo. Kwa muda mrefu Wamarekani na Wazungu walimwamini Usui ambaye hakupata kuwepo, huku Usui wa kweli amelala Tokyo na maelezo yake yamechongwa kwenye jiwe, yanamsubiri msomaji!

Najua mtakachosema. Mtasema: lakini bila uongo ule Reiki isingefika popote. Mama alimvika mwalimu wake kanzu ya Kikristo ili apite getini. Sawa, nimeelewa, na kama ningekuwa naandika riwaya juu ya Hawayo Takata, sura hiyo ningeiandika kwa mapenzi makubwa kuliko zote. Lakini kuelewa si kuhalalisha. Mtunzi wa riwaya akisema uongo, jalada la kitabu limeshakuonya. Mwanafunzi aliyelipa dola 10,000 hakuonywa. Alinunua ukoo wa mafundisho, akapewa ukoo wa kubuni. Kubadilisha njia ya kufundisha ni haki ya kila mwalimu. Kubadilisha asili ya ulichofundishwa ni kughushi, hata kama umeghushi kwa machozi.

Na matunda yake yakaonekana. Takata alikufa Desemba 1980 akiwa ameacha walimu 22. Walipokuja kulinganisha alama za siri walizofundishwa, zikawa hazifanani! Kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuandika. Kukawa na ugomvi wa nani mrithi: mjukuu wake, Phyllis Lei Furumoto, upande mmoja, na Barbara Weber Ray upande mwingine. Katika miaka ya 1990 likaja hata jaribio la kulisajili jina la Reiki kama alama ya biashara. Likashindikana. Mwaka 1995 Diane Stein akazichapa zile alama kitabuni, kila mtu akaona, na siri ikaishia hapo.

Baada ya hapo ndipo mafuriko. Kuna Reiki ya malaika. Kuna Reiki ya Kundalini. Kuna za kila rangi. Mtu anaingia Ijumaa jioni hajui kitu, Jumapili anatoka mwalimu, na Jumatatu anachora nembo. Huyo ndiye anayeambiwa atafute dira na mtindo wake! Mtindo wa nini, bwana? Hayashi alikuwa na kliniki, Takata alikuwa na miaka thelathini na zaidi ya kushika wagonjwa kabla hajaanza kutoa walimu. Wewe una wikiendi moja na nembo.

Lakini msinielewe vibaya, nyinyi wa upande wa pili. Wapo wanaopiga kelele kwamba Reiki isiguswe hata nukta, irudishwe ‘ilivyokuwa’. Ilivyokuwa lini? Kwa Usui, kwa Hayashi, au kwa Takata? Hao watatu hawakufundisha sawa hata mara moja. Anayelinda kila nukta analinda tu ile aliyoikuta yeye siku aliyojiandikisha. Hao nao ni walewale, wanakimbia kazi ya kufikiri, ila wao wanakimbilia nyuma.

Na kuna jambo zito kuliko vyeti vyote hivyo. Mpaka leo sayansi haijathibitisha kwamba nguvu hiyo ipo. Mwaka 1998 jarida la madaktari wa Marekani lilichapa jaribio la msichana wa miaka 11, Emily Rosa. Alipima waponyaji 21 wa aina nyingine ya tiba ya mikono, binamu wa Reiki, waliodai kuhisi nguvu ya mwili bila kugusa. Alitenganisha kwa kizuizi, akaweka kiganja chake juu ya mkono mmoja wa mponyaji, akauliza: ni upi? Katika mara 280 walipatia 123. Ungerusha shilingi ungefanya vizuri zaidi! Kwa hiyo mwalimu anayekwambia Reiki inatuliza mtu, ni sawa. Kiganja cha mtu mwenye huruma kinatuliza, nani hajui? Lakini yule ambaye ‘dira yake’ inamruhusu kumwambia mgonjwa wa sukari aache dawa, huyo mtindo wake unaua. Hapo ndipo mchezo wa ‘kila mtu na yake’ unapokwisha.

Turudi nyumbani sasa. Sisi si ndio hao hao? Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa ‘Kichomi’, mashairi bila vina na mizani, na watu wakarushiana maneno miaka na miaka. Leo kila kijana asiyejua kupanga vina anajificha nyuma ya Kezilahabi: mimi ni huru, huo ni mtindo wangu! Lakini Kezilahabi alimsoma Shaaban Robert mpaka akaandika tasnifu chuo kikuu juu ya riwaya zake. Aliijua nyumba chumba kwa chumba ndipo akavunja ukuta. Wewe umepita barabarani tu, hata kubisha hodi hujabisha.

Na wazee wetu wa vina, wanaosema asiyefuata mizani si mshairi, nao wasicheke. Hao ni wale wa kulinda nukta.

Mimi nasema, iwe Reiki au riwaya, anayetaka kufundisha au kuandika ajibu maswali matatu. La kwanza: nani alikufundisha? Mtaje, kama alivyokuwa, bila kumwongezea Chicago. La pili: umebadilisha nini, na ni kwa ajili ya nani? Ukijibu ‘kwa ajili ya mgonjwa’ au ‘kwa ajili ya msomaji’, tutakusikiliza. Ukijibu ‘kwa ajili yangu, nionekane tofauti’, kakae kwanza. La tatu: ukikosea, nani anaumia? Mwandishi akikosea anapoteza jioni moja ya msomaji. Mwalimu wa uponyaji akikosea, pengine kuna msiba.

Mwenye majibu hayo matatu hana haja ya kutafuta mtindo. Atashika kazi miaka kumi, na siku moja mwanafunzi wake atasema, ‘Ah, hii ni mikono ya mwalimu fulani.’ Yeye mwenyewe atakuwa wa mwisho kuambiwa.

Nimemaliza. Asiyekubali, kalamu anayo na gazeti ni letu sote. Ila akija kunijibu asiniambie habari za mtindo wake. Anitajie mwalimu wake.